Amina Isiyotua: Miaka Yangu Chini ya Gita la Stili

Gita langu la stili nililinunua Naivasha mwaka 2013 kutoka kwa mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao, na kwa miaka mitatu ya kwanza nililiharibu huku nikiamini kwamba ninalitunza. Kazi yangu ya mchana ni kutengeneza cherehani hapa Nakuru, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba, na kwa sababu hiyo nilipolipindua gita lile na kuona shafti, springi na nyenzo zimejipanga chini ya mbao, nilijiona niko kwetu. Sikujua kwamba cherehani husamehe mambo ambayo gita halisamehe. Cherehani ikikosea kwa unywele mmoja, mshono bado utashika. Gita likikosea kwa unywele mmoja, kila aliyeketi ukumbini atakunja uso, hata asiyeweza kusema amesikia nini.

Kwa wasiolifahamu, gita la stili lenye pedali ni sanduku jembamba la mbao ngumu lililosimama juu ya miguu minne kama meza, na mpigaji huketi nyuma yake kama fundi aliyeketi kwenye cherehani ya miguu. Nyuzi kumi zimelala juu ya sanduku. Mkono wa kushoto huteleza juu yake ukiwa umeshika kipande kizito cha chuma cha mviringo, mkono wa kulia hudonoa kwa kucha za bandia zilizovaliwa dole gumba na vidole viwili, mguu wa kushoto hukanyaga pedali, wa kulia husimamia pedali ya sauti, na magoti yote mawili husukuma nyenzo zinazoning'inia chini ya sanduku. Mzee mmoja wa Kisumu aliponiona nikipiga kwa mara ya kwanza alicheka akasema kwamba mimi ni ndugu yake mpiga nyatiti, ambaye naye hutumia mguu, kwa kugonga ubao wa chombo kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole kikubwa. Sikumpinga, ijapokuwa mguu wake hupiga mapigo na wangu hubadilisha sauti za nyuzi.

Gita la kuteleza kwa chuma lilitoka Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na jina la Joseph Kekuku ndilo linalotajwa zaidi kuhusiana na mwanzo wake. Pedali zilipata umaarufu mwaka 1954 pale wasikilizaji wa Marekani waliposikia Bud Isaacs akizikanyaga katika rekodi ya mwimbaji Webb Pierce: sauti mbili zilipanda huku nyingine ikibaki palepale, jambo ambalo kipande cha chuma peke yake hakiwezi kulifanya. Baadaye Buddy Emmons aliigawa kazi ya pedali ile moja kwa pedali mbili, na mpangilio tunaoutumia hadi leo ulitokana na wazo hilo. Huku Afrika, King Sunny Adé wa Nijeria aliliingiza gita hili katika muziki wa juju, na mpigaji wake Demola Adepoju alisikika dunia nzima. Kwetu Kenya lilifikia masikio ya watu kupitia muziki wa kantri, ambao mzazi yeyote wa Bonde la Ufa mwenye redio anaujua. Ukitaja Jim Reeves au Don Williams katika baa ya Nakuru hutaulizwa ni nani.

Nyuzi zangu, kutoka wa kwanza hadi wa kumi, ni F#, D#, G#, E, B, G#, F#, E, D na B; herufi hizo ni majina ya sauti, na alama ya # huipandisha sauti nusu toni, yaani hatua moja ndogo. Msomaji mwangalifu ataona kwamba hazishuki kwa mpangilio, kwa kuwa uzi wa tatu ndio mwembamba na wenye sauti ya juu kuliko zote. Pedali ya kwanza huinua uzi wa tano na wa kumi kutoka B hadi C#. Ya pili huinua wa tatu na wa sita kutoka G# hadi A. Ya tatu huinua wa nne kutoka E hadi F# na wa tano kutoka B hadi C#. Kati ya nyenzo nne za magoti, mmoja huinua nyuzi mbili za E hadi F, wa pili huzishusha hizo hizo hadi D#, wa tatu hushusha uzi wa pili na wa tisa, na wa nne hushusha uzi wa tano nusu toni. Ukizijumlisha utapata miondoko 13 ya nyuzi, na kila mwondoko una ufito wake wa chuma na nati yake ya nailoni.

Ukikanyaga pedali mbili za kwanza pamoja, kodi ya E, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja juu ya msingi wa E, hugeuka kuwa kodi ya A. Ukiziachilia, A hurudi E. Mtu yeyote aliyekulia kanisani ameisikia safari hiyo maelfu ya mara, kwa sababu ndiyo "Amina" inayoimbwa mwishoni mwa wimbo: "A-" mguu ukiwa chini, "-mina" mguu ukiinuka. Hesabu yangu yote ya uzima wa gita naifanya kwa Amina hiyo. Kwa miaka mitatu, Amina yangu haikutua.

Njia ya mwendo kutoka mguuni hadi kwenye uzi ni hii. Pedali huvuta ufito wa wima, na ufito huo huzungusha shafti iliyolala kukingama chini ya sanduku. Juu ya shafti kumefungwa vipande vidogo vyenye matundu, ambavyo mimi huviita viwiko kwa sababu hugeuza mwendo kama kiwiko cha mkono. Kila kiwiko huvuta ufito mrefu, mwembamba, unaokimbia chini ya sanduku kuelekea kulia hadi kwenye chenja. Chenja ndiyo moyo wa gita. Ni safu ya vidole kumi vya chuma vilivyotungwa kwenye ekseli moja, na kila uzi hupita juu ya kichwa cha mviringo cha kidole chake. Ufito ukivuta sehemu ya chini ya kidole, kichwa hulala nyuma na uzi hukazika. Kwa ajili ya kushusha, kila kidole kina mkono wa pili uliounganishwa nacho kama mkasi, nao hushikiliwa na springi dhidi ya kizuizi chake ili mkazo wa uzi usiuvute wakati haujaitwa. Mwisho wa kila ufito, nje ya bamba la upande wa kulia, ndipo panapotokeza nati ya nailoni. Kwa spana ndogo unaizungusha nati hiyo ili kuamua uzi upande au ushuke hadi wapi.

Uharibifu wa kwanza sikuufanya kwa mkono wangu, ila niliulipia. Mwaka wa kwanza pedali zilikuwa nzito, nami nikampelekea fundi mmoja wa pikipiki, mtu mwema, ambaye aliijaza chenja grisi ileile anayoiweka kwenye minyororo. Kwa juma moja gita lilikuwa laini kama siagi. Kisha ikaja Januari, na aliyewahi kuishi Nakuru anaijua Januari: upepo mkavu, mashamba yamelimwa, na vumbi linaloingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Grisi ililipokea vumbi lile kama mgeni rasmi. Kufikia Machi, kati ya vidole vya chenja kulikuwa na uji wa kijivu, na uzi ukiinuliwa ulirudi polepole kama mtoto aliyeitwa kuoga. Nilijaribu kuuosha kwa mafuta ya taa, nayo yakaacha utando wake wa mafuta uliokaribisha vumbi jingine. Kilichosaidia hatimaye ni yale mafuta mepesi ya kujazia viberiti vya chuma, ambayo huyeyusha grisi na kukauka bila kuacha kitu. Nilililaza gita kwa upande uani, mbali na jiko na sigara za watu, nikayadondosha kidogo kidogo huku nikikanyaga pedali kwa mkono, na kupangusa kilichotoka hadi kitambaa kilipobaki cheupe. Baada ya hapo ndipo nilipotia mafuta ya cherehani, tone moja kwa kila kiungo, kwa ncha ya sindano. Mafuta hayo yamekuwa mezani pangu tangu utotoni, na nilikuwa nimempelekea mtu mwingine kazi ambayo dawa yake ninaiuza.

Uharibifu wa pili ulikuwa wangu mwenyewe. Nyuzi zinapozeeka, na hali ya hewa inapobadilika, sauti ya uzi uliokanyagwa husogea. Kila Jumamosi kabla ya kupiga nilikuwa nikikanyaga pedali ya pili, nikiona kipima sauti kinaonyesha kwamba A iko chini, na nikiikaza nati kidogo. Hakuna kosa hapo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya nati. Lakini kati ya ufito na kidole panatakiwa pawe na ulegevu mdogo wakati mguu umetulia, ili kidole kiegemee kizuizi chake na si kitu kingine chochote. Mimi nilikaza hadi ulegevu ukaisha, na bado nikaendelea. Kuanzia hapo uzi haukuwa umepumzika kwenye kizuizi. Ulikuwa umening'inizwa na nati. G# yangu ya wazi ikapanda kidogo. Nikaishusha kwa kigingi cha kukazia uzi. Kwa kuwa nimeishusha, A nayo ikashuka. Nikaikaza nati tena. Nilikuwa nikijizungusha kama ng'ombe wa kusukuma kinu, na kila mzunguko nilijipongeza kwa kulijali gita langu.

Desemba 2016 tuliitwa kupiga kwenye harusi huko Kisumu, uwanjani, karibu na ziwa. Tulitoka Nakuru alfajiri kwenye ubaridi wa mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, tukapitia Kericho, na kufikia adhuhuri tulikuwa kwenye mita 1,130 hivi na jasho. Nusu ya jukwaa ilikuwa chini ya hema na nusu kwenye jua, na gita langu lilikuwa kwenye jua. Nyuzi za chuma zikipata joto hurefuka na sauti hushuka. Hilo nililitarajia na nilikuwa nimejiandaa kuzikaza. Nisichokitarajia ni kwamba kila nikiachilia pedali, uzi ungerudi mahali tofauti na pale ulipotoka. Fito zilizokuwa zimekazika kabisa zilikuwa zikivuta vidole vyote kulingana na jinsi ardhi ile ya nyasi ilivyoiinamisha miguu ya gita na pedali zake. Tulipofika kwenye wimbo wa maombi, Amina ilitoka ikaning'inia hewani, si A wala E. Kiongozi wa bendi, Mjaluo mcheshi ambaye hajawahi kunikosea adabu, aliinama sikioni mwangu akauliza, "Omera, hicho chombo kinalia au kinacheka?"

Niliporudi Nakuru nilikuwa nimekwisha amua kwamba chenja imekufa. Nililibeba gita kwenye mabanda ya jua kali hadi kwa mzee anayekereza vyuma, mtu ambaye shafti nyingi za mashine za posho za mtaa wetu zimepita mikononi mwake, nikamwomba anikerezee vidole vipya. Mzee yule hajui muziki hata kidogo. Alivaa miwani, akalipindua gita, akakaa kimya kwa muda wa chai moja. Kisha akaweka kidole chake juu ya ufito mmoja akajaribu kuutikisa. Haukutikisika. Akajaribu wa pili, wa tatu, hadi akazimaliza zote.

"Kijana," akasema, "wakati hujakanyaga, ni nani anayekanyaga?"

Nilimwambia hakuna.

"Mbona zote zimekazwa kama waya wa ua? Cherehani yako ukiiacha, mguu wa kukandamiza kitambaa haukai nusu juu nusu chini. Unakaa juu, ama chini."

Hakunikerezea kitu. Alinitoza pesa ya chai, nami nikarudi nyumbani nikiwa na aibu ya fundi aliyeelekezwa kwenye fani yake mwenyewe.

Usiku ule nililegeza nati zote 13 hadi kila ufito ukacheza. Nilikaza nyuzi kwa vigingi tu, bila kugusa pedali, hadi zote kumi zikawa sawa zikiwa wazi. Ndipo nilipokanyaga pedali moja moja na kuikaza nati yake hadi sauti ya juu ikafika, nikaachilia, nikatikisa ufito kwa ncha ya kidole kuhakikisha kwamba bado unacheza. Ulegevu unaofaa ni mdogo mno: uusikie kwa kidole lakini usiuone kwa jicho. Ukizidi, mguu husafiri bure kabla uzi haujaanza kupanda, na wimbo wa haraka hukuacha nyuma. Nati mbili zilikataa: sauti ilifika tu pale ulegevu ulipokwisha. Nilielewa basi kwamba tatizo la hizo halikuwa la nati, bali la urefu wa mvuto, na hilo hurekebishwa kwingine.

Hapa pana jambo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na ninaliandika polepole. Kiwiko kina matundu kadhaa, na sehemu ya chini ya kidole nayo ina matundu kadhaa. Ukiufunga ufito kwenye tundu la kiwiko lililo mbali na shafti, ufito husafiri mbali zaidi kwa kila mkanyago, lakini pedali huwa nzito. Ukiufunga kwenye tundu la kidole lililo karibu na ekseli, uzi hupanda haraka kwa mvuto mfupi, na hapo pia mguu hulipa kwa uzito. Ukienda kinyume unapata wepesi na kupoteza mwendo. Ni hesabu ya wenzo tuliyofundishwa darasani kwa mfano wa toroli, hakuna cha ajabu. Ugumu huja pale pedali moja inapovuta nyuzi mbili. Uzi wangu wa sita ulikuwa wa kuzungushiwa waya, na nyuzi za namna hiyo huhitaji mvuto mrefu kuliko uzi mtupu ili kupanda nusu toni ileile, kwa kuwa kinachovutika hasa ni kiini chembamba kilichomo ndani. Kwa hiyo wa tatu ulikuwa ukifika A huku wa sita ungali njiani. Nilihamisha ufito wa sita tundu moja nje kwenye kiwiko, nikajaribu, nikauhamisha tena upande wa kidole, na siku ya tatu nyuzi zote mbili zikaanza pamoja na kufika pamoja. Mke wangu, ambaye hupika akiwa amefungua mlango wa chumba hicho, alisema, "Leo Baba Neema haugombani nalo." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyopata, na ilinitosha.

Springi za kushusha ziliniletea fumbo jingine. Uzi wa nne huinuliwa na pedali na goti, na hushushwa na goti jingine, hivyo mkono wake wa kushusha unafanya kazi mbili: kwenda unapoitwa, na kusimama imara wakati uzi unapoinuliwa na kuuvuta kwa nguvu zaidi. Springi ikiwa dhaifu, mkono huo huachana na kizuizi chake kwa kiasi ambacho jicho halikioni, na sauti ya juu haitulii. Nilikata ukanda wa karatasi ya risiti, nikauingiza kati ya mkono wa kushusha na kizuizi, nikamwambia binti yangu akanyage. Karatasi ilitoka bila kupingwa. Nilikaza springi kwa nusu mzunguko, tukarudia, ikatoka tena lakini kwa kukwaruza. Nusu nyingine, ikang'ang'ania. Niliishia hapo, kwa sababu springi ikizidi nguvu, goti ndilo linaloumia, na usiku wa saa nne za kupiga ni mrefu. Mwenye subira atafanya jaribio hili kwa kila uzi unaoshushwa, nami nalifanya mara mbili kwa mwaka.

Uzi wa tatu unastahili aya yake, kwani ndio unaokatika kuliko yote. Unene wake ni inchi 0.011, na kwa gita lenye urefu wa uzi wa inchi 24 hubeba mvuto wa takriban kilo 12 na nusu ukiwa G#, na karibu kilo 14 pedali inapoufikisha kwenye A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Hapo ni karibu na ukomo wa chuma chenyewe. Hukatikia palepale kila mara, juu ya kichwa cha kidole, ambapo unakunjwa na kukunjuliwa kila ninapokanyaga. Nilikuwa nikilaumu wauzaji wa nyuzi hadi nilipopitisha ukucha juu ya kichwa kile na kusikia mfereji. Uzi ulikuwa umejichimbia kaburi. Nilikisugua kwa msasa laini kuliko wote niliokuwa nao, kwa kufuata mviringo wake na si kukatiza, kisha kwa dawa ya kung'arishia shaba, hadi ukucha ukapita bila kusikia kitu. Nyuzi zilizokuwa zikikatika kila wiki mbili sasa hudumu miezi, ingawa ninapokwenda kupiga mbali huubadilisha siku mbili kabla, hata ukiwa mzima. Upande wa pili wa gita, karibu na vigingi, nyuzi hupita juu ya roli ndogo, na roli iliyoshikwa na uchafu humzuia uzi kurudi kama vile chenja inavyomzuia; tone moja la mafuta linatosha, na watu wengi husahau kuangalia huko.

Fito mbili zilikuwa zimepinda nilipolinunua gita. Nilijaribu njiti za baiskeli, ambazo unene wake unakaribia lakini ni fupi, zikafaa kwa ufito mmoja tu ulio karibu na chenja. Kwa ufito mrefu nilipata msaada kwa wachomeleaji: wana fimbo za kuchomelea chuma kisichoshika kutu, zenye unene wa milimita 2.4 na urefu wa mita moja, zimenyooka kama miale. Mzee wa kukereza alinichongea ncha ya nyuzi za skrubu, na nati mpya akazikata kutoka kwenye kipande cha nailoni nene. Zimefanya kazi tangu 2017. Moja hutoa mlio mdogo wa "tik" ninapoachilia goti la kulia, na nimeamua kuishi nao.

Mambo ya safari nitayapitia haraka. Fito za wima za pedali hazilingani urefu, na ukizikosea, pedali zote hubadilika tabia. Nilizipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, ya waridi na ya kahawia, pamoja na shafti zake. Hewa ya Kisumu hushikisha nyuzi kutu kwa usiku mmoja ukilala bila kuzipangusa jasho. Pedali ya sauti ya mguu wa kulia ina kamba inayozungusha kitufe cha umeme ndani yake, na kamba yangu ilipokatika nilinunua uzi wa kuvulia samaki sokoni Kibuye. Uliteleza, kwa kuwa umetengenezwa uteleze. Uzi wa fundi viatu uliopakwa nta ndio ulioshika.

Kuna ugomvi mmoja ambao mashine haiwezi kuumaliza. Ukiikaza G# hadi itulie kabisa juu ya E kwa sikio, kipima sauti kitakuambia iko chini kwa takriban senti 14, yaani sehemu 14 za 100 za nusu toni. Sikio lina haki, na kinanda cha kanisani nacho kina haki kwa namna yake, kwa kuwa kimegawanya toni zote sawasawa. Mpiga kinanda wetu alinilalamikia mwaka mzima kwamba ninashusha. Sasa naishusha G# kwa senti saba hivi, kila mmoja anaudhika nusu, na ibada inaendelea.

Mwezi uliopita alikuja kijana kutoka Kisumu, ameletewa gita la stili na mjomba wake kutoka ng'ambo, pedali tatu na nyenzo nne kama langu. Aliniambia kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu. Nimesikia unatengeneza chenja. Hii imekufa." Nililipindua juu ya meza ya cherehani, juu ya blanketi, nikaweka kidole kwenye ufito wa uzi wa sita. Haukutikisika. Sikumwambia kitu. Nilimpa spana, nikamwonyesha nati, nikamwambia alegeze hadi ufito ucheze, kisha akaze uzi kwa kigingi akiwa hajagusa pedali, kisha akanyage na kuirudisha nati taratibu. Alifanya hivyo huku ametoa ulimi kidogo kama mtoto anayeandika. Akakanyaga, akaachilia, akatazama mshale wa kipima sauti ukirudi katikati. Akakanyaga tena, akaachilia tena, mara tano au sita, bila kusema.

Zilikuwa zimebaki nati 12, na saa ilikuwa imefika kumi na moja jioni, kwa hiyo nikamwambia aweke maji ya chai.